Mtaro wa pamoja umeziba: nani azibue, nani alipe, na uanzie wapi hapa Uganda

Jumapili moja asubuhi natoka nje na mswaki mdomoni nakuta manholi (lile shimo la kukagulia bomba la choo) iliyo karibu na jiko langu inatapika. Sio kuvuja, kutapika kabisa, maji meusi na vitu vingine ambavyo sivitaji kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii huku anakula. Sisi hapa Jinja tuko nyumba sita mstari mmoja, zile za zamani ambazo bomba la choo linapita nyuma kwenye kichochoro, linaanza nyumba ya juu, linaokota maji ya kila mtu, linafika kwangu mimi wa mwisho alafu ndo linaingia kwenye sua kubwa ya barabarani, yaani bomba kuu la maji machafu. Nikaenda kugonga milango. Wa kwanza akasema imefurika kwako basi ni yako. Wa pili akasema yeye mpangaji tu, nimtafute landilodi, na landilodi yuko Juba. Wa tatu ndo aliniuma: "Hajati, mbona kwangu maji yanaenda vizuri tu?" Yanaenda vizuri ndio, yanakuja kwangu!

Hiyo kitu ilinimaliza wiki tatu, mafundi wawili na kikao kimoja cha LC (baraza la mtaa), na tangu siku hiyo nimekuwa yule mtu ambaye ndugu na marafiki wananipigia simu mtaro ukiziba. Sasa nimechoka kurudia kwenye simu, nimeandika yote hapa.

Kama utakumbuka kitu kimoja tu shika hiki: fuata maji. Mwenye kuhusika ni kila mtu ambaye maji yake yanapita pale palipoziba, siyo yule ambaye uchafu umetokea kwake. Maji machafu hayachagui mwenye kosa, yanatokea kwenye tundu lililo chini kabisa juu ya kizuizi, na tundu hilo mara nyingi ni la mtu ambaye hana kosa lolote isipokuwa nyumba yake kujengwa bondeni.

Kwanza jua ni mtaro wa aina gani

Watu wanasema "mtaro umeziba" kumbe wanaongea vitu vinne tofauti, na kila kimoja kina mwenyewe. Ukikosea hapa utazunguka ofisi mpaka viatu viishe.

Kuna sua ya serikali, yaani ile ya National Water and Sewerage Corporation, hawa wapo tangu 1972. Hiyo ni mabomba makubwa yanayopita barabarani au nyuma ya nyumba yakipeleka uchafu kwenye mtambo au mabwawa ya kusafishia, Kampala unaenda Bugolobi, hapa kwetu Jinja unaenda mabwawa ya Kirinya na Kimaka. Usidhani kila nyumba mjini imeunganishwa, Kampala yenyewe sehemu kubwa iko kwenye septiki (tanki la choo lililo chini ya ardhi) na vyoo vya shimo. Namna rahisi ya kujua kama wewe umeunganishwa ni kutoa bili yako ya maji uisome, kama kuna malipo ya sewerage pale basi wewe ni mteja wao wa sua na una haki ya kuwapigia. Kama hakuna, na una choo cha kuvuta maji, basi uchafu wako unaenda kwenye septiki mahali fulani, hata kama landilodi hajawahi kukuonyesha.

Cha pili ni bomba la pamoja la watu binafsi, kama la kwetu. Liko ndani ya viwanja, limewekwa na aliyejenga au na wenye nyumba wenyewe, na hapa ndo ugomvi wote ulipo kwa sababu hakuna ofisi yoyote itakuja kulizibua bure. National Water wanashika sua yao. Kipande cha kutoka kwenu mpaka kinapoungana na sua yao ni chenu nyinyi mnaokitumia.

Cha tatu ni septiki ya pamoja, hii iko sana kwenye mizigo, ile mistari ya vyumba vya kupanga, na kwenye nyumba mbili tatu ambazo ndugu walijenga kwenye kiwanja kimoja cha mzee alafu wengine wakauza.

Cha nne ni mtaro wa maji ya mvua. Ule wa kando ya barabara ni wa serikali za miji: Kampala ni KCCA (mamlaka ya jiji), miji mingine ni kansoli, yaani baraza, ya jiji au ya manispaa, barabara kuu za taifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi maana UNRA, ile mamlaka ya barabara, ilivunjwa kazi zikarudi wizarani. Ila ule mfereji unaopita katikati ya viwanja ni wenu. Na hapa niseme kitu, kama unakaa Kira, Nansana, Makindye Ssabagabo au Entebbe usiende KCCA, hiyo ni wilaya ya Wakiso na kila moja ina manispaa yake. Nimeona watu wanapanda teksi mpaka City Hall kupeleka barua wanaambiwa warudi walikotoka.

Tafuta palipoziba kabla hujaongea na mtu yeyote

Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wanaanza na matusi, mwisho wanakuta tatizo lilikuwa chini kabisa kwenye sua ya barabarani na kila mtu ameshakosana na kila mtu.

Chukua mtu mmoja wa kukusaidia, kipande cha chuma cha kunyanyulia mifuniko, gambuti na glavu nzito. Anzia manholi ya chini kabisa upande wa barabara upande juu moja moja. Kila unapofungua tazama kitu kimoja tu, imejaa au haijajaa. Manholi iliyojaa ikifuatwa chini yake na iliyo kavu, kizuizi kiko katikati ya hizo mbili. Hakuna uchawi zaidi ya huo, hata mtoto wa P5 anaweza. Kwetu manholi yangu ilikuwa imejaa mpaka mdomoni na ile ya barabarani ilikuwa inapitisha maji vizuri, maana yake kizuizi kilikuwa kati yangu na barabara, sehemu ambayo maji ya nyumba zote sita yanapita.

Kama ile ya barabarani nayo imejaa, acha. Usimlipe fundi hata shilingi, hiyo ni ya National Water, wapigie au nenda ofisi ya tawi lenu, wape namba ya mteja iliyo kwenye bili na uwaambie wazi kwamba manholi ya barabarani imejaa siyo ya ndani, kwa sababu ukisema tu "choo kimeziba" watakwambia tafuta plamba.

Usiingie ndani ya manholi. Narudia kwa herufi kubwa, USIINGIE, hata kama ni fupi, hata kama fundi anasema amefanya miaka ishirini. Mle kuna hewa ya sumu inayonuka kama yai bovu, na ikiwa nyingi pua inazima husikii tena harufu, mtu anaanguka, wa pili anaingia kumwokoa naye anaanguka. Wala usiinamishe kichwa mle ukiwa na sigara au kibiriti. Ukimaliza kufungua iache ipumue, tazama ukiwa umesimama, na watoto wakae mbali, shimo wazi ni hatari kuliko harufu.

Wakati mwingine hamjui nani ameunganishwa wapi, hasa nyumba zilizouzwa mara tatu nne. Nunua rangi nyekundu ya keki dukani, mimina yote chooni kwa nyumba moja, vuta maji ndoo mbili, mtu mwingine asimame kwenye manholi atazame. Rangi ikitokea, huyo yumo. Hii njia ndo ilimnyamazisha jirani mmoja wetu aliyekuwa anaapa kwa Mungu kwamba choo chake kina septiki yake peke yake, dakika mbili maji mekundu hayo, akacheka mwenyewe. Fanya mbele ya mashahidi na upige picha, ila omba ruhusa kwanza usiingie choo cha mtu kama askari wa operesheni.

Sasa nani anahusika

Tukishajua kizuizi kiko wapi, hesabu inakuwa nyepesi. Tuseme nyumba ni sita kutoka juu kwenda chini, ya kwanza juu ya sita chini. Fundi amesema 240,000. Kama pameziba chini ya nyumba ya sita, wote sita maji yao yanapita pale, kila nyumba 40,000. Kama pameziba kati ya nyumba ya nne na ya tano, ni nyumba nne tu zinapita pale, kila moja 60,000, na nyumba ya tano na ya sita hawadaiwi kitu. Ukitazama vizuri utaona jambo ambalo watu wa juu hawapendi kulisikia: nyumba ya juu ambayo haijawahi kuona uchafu hata siku moja ndo inahusika na kila kipande cha bomba la pamoja, na mimi wa chini ninayefurikiwa kila mara nahusika na kile kipande cha mwisho tu. Na bomba linalotoka ndani ya nyumba yako mpaka linapoingia la pamoja, hilo ni lako wewe, majirani hawachangii.

Wengine wanataka kugawana kwa idadi ya watu, nyumba ya watu kumi ilipe zaidi ya nyumba ya mtu mmoja. Ina haki yake, na kwenye septiki mimi naiunga mkono kabisa kwa sababu tanki linajaa kulingana na watu. Ila kwenye kuzibua bomba inaleta mabishano, mtu ataanza kusema mtoto mchanga hahesabiwi, shemeji alikuja kwa wiki moja, mtakesha. Kwa nyumba ni haraka.

Kuna mtu mwenye kosa la wazi? Hapa uwe makini. Fundi wetu alipopitisha rodi (zile fimbo za kuzibulia) alitoa mafuta ya kupikia yaliyoganda kama sabuni, alafu pampasi mbili. Macho yote yakageukia dada wa nyumba ya tatu anayekaanga chapati na mandazi. Watu wakataka alipe zote. Mimi ndo nilikuwa na hasira kuliko wote na bado nilikataa, kwa sababu mafuta yanaweza kuwa yake lakini yeye hana mtoto mdogo, pampasi zilitoka wapi? Ukitaka kumbebesha mtu mmoja gharama yote uwe na ushahidi wa kweli, mfano amejenga ukuta juu ya bomba likapasuka, ameunganisha maji ya paa kwenye sua, amekata bomba akichimba msingi, au mizizi ya mti wake imeingia. Hayo yanaonekana kwa macho. "Tunajua ni yeye" siyo ushahidi.

Wapangaji na malandilodi. Kwa Sheria ya Landlord and Tenant ya 2022 nyumba inatakiwa kuwa katika hali ya mtu kukaa, na hilo ni jukumu la landilodi. Kwa hiyo bomba lililochoka, lililopasuka, lililowekwa bila mteremko, manholi iliyobomoka, hivyo ni vyake. Wewe mpangaji unabeba kile ulichosababisha, umetupa pedi chooni, umemwaga mchanga wa kuoshea sufuria, hiyo ni yako. Kuziba kwa kawaida kwa matumizi ndo kuna ukungu, tazama agrimenti yako ya kupanga inasemaje, na kama kodi yote kwa pamoja inafika laki tano au zaidi hiyo agrimenti inatakiwa iwe ya maandishi au ya ujumbe wa simu. Kama landilodi yuko mbali na kinyesi kiko mlangoni, mtumie picha na bei ya fundi, mwambie "Bosi, nimlipe fundi nikate kwenye kodi ya mwezi ujao?" na usubiri akujibu ndio kwa maandishi. Ukikata bila kibali chake utakuwa umehamisha ugomvi kutoka kwa jirani kwenda kwa landilodi.

Fleti zenye hati za kondominiumu, sheria ipo tangu 2001, mabomba ya pamoja ni mali ya pamoja na yanasimamiwa na chama cha wenye fleti, unaandikia uongozi basi. Hiyo ndo rahisi kuliko zote.

Jinsi ya kuongea nao

Usitume ujumbe wa hasira usiku. Nenda kwa miguu, anza na mtu mzima wa mtaa, yule ambaye wengine wanamsikiliza, kwetu ni hajji mmoja wa nyumba ya kwanza. Mwonyeshe picha kwenye simu, mwambie "Hajji, nimekuja kuomba msaada, sijaja kulaumu." Ukimpata huyo umepata nusu ya mtaa. Alafu fanyeni kikao kifupi pale pale penye manholi imefunguliwa, siyo sebuleni kwa mtu na chai, harufu yenyewe itafupisha hotuba.

Kabla ya kikao pata bei za mafundi wawili. Ukienda na bei moja watasema umepanga na fundi mle hela. Kama kundi la WhatsApp la majirani halipo lifungue, weka picha, bei, nani amelipa, na risiti. Kitu kama hiki kinatosha: "Majirani salaam. Bomba letu la pamoja limeziba kati ya nyumba ya sita na barabara, picha hizi hapa. Mafundi wawili wametoa bei, 240,000 na 300,000. Maji ya nyumba zote sita yanapita hapo hivyo kila nyumba ni 40,000. Fundi anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi. Mwenye neno aseme kabla ya Ijumaa." Fupi, hakuna lawama, na kuna tarehe.

Na mkishamaliza hilo la leo andikeni agrimenti ya siku zijazo wakati bado mnasikia harufu, wiki mbili baadaye kila mtu atakuwa bize. Iandikwe hivi au karibu na hivi: "Sisi tuliosaini hapa tunatumia bomba moja la maji machafu linalopita nyuma ya nyumba zetu. Likiziba au likiharibika, watagharamia wale ambao maji yao yanapita sehemu hiyo, sawa kwa sawa kwa kila nyumba, ndani ya siku saba tangu kazi kumalizika. Atakayethibitika kuharibu atalipa mwenyewe. Kila mmoja ataruhusu fundi kuingia kiwanjani kwake kwa ajili ya kazi hii." Majina, sahihi, tarehe, alafu mwenyekiti wa LC1, ile LC ya ngazi ya chini kabisa, apige muhuri. Kile kipengele cha kuingia kiwanjani watu wanakisahau, kumbe fundi anaweza kufukuzwa na mbwa na kazi ikalala.

Muhuri wa LC siyo mapambo. Bila agrimenti, jirani akigoma unabaki kulalamika. Ukiwa na agrimenti ile 40,000 inakuwa deni, na deni lina njia yake.

Akigoma kabisa

Kama hali ni mbaya zibueni kwanza, mdaiane baadaye. Mimi najua inauma kumlipia mtu lakini kipindupindu na taifodi hazisubiri kikao, na ukingoja haki huku watoto wanaruka maji ya choo umejidhuru mwenyewe. Wanaotaka wachange, weka risiti, piga picha kabla na baada.

Alafu nenda kwa mwenyekiti wa LC1. Mengi yanaishia hapo, akiitwa tu mbele ya watu wa mtaa mtu analipa kwa aibu. Isipofanya kazi kuna mahakama ya LC yenyewe, siyo kikao cha kawaida, ni mahakama kwa Sheria ya 2006, na inaweza kusikiliza mambo ya deni, mkataba, kuharibu mali na kuingilia ardhi ya mtu mradi thamani haizidi milioni mbili. Inaweza kuamuru fidia, kupatanisha, hata mtu aombe radhi. Unaenda mwenyewe, unaongea lugha ya mtaa, na usiporidhika unakata rufaa LC2, ngazi ya juu yake.

Njia ya pili inaenda sambamba na hiyo, mkaguzi wa afya. Yuko divisheni kama uko jijini, kwingine yuko kwenye kansoli ya mji au sabukaunti. Sheria ya Afya ya Umma ni ya zamani, ya 1935, lakini meno yake yapo: maji machafu yanayofurika na kuhatarisha afya ni kero ya kisheria, na afisa anaweza kumpa notisi aliyesababisha, na asipopatikana mwenye nyumba au anayekaa humo, akiambiwa aondoe kero ndani ya muda fulani. Ikiwa tatizo ni ujenzi mbovu notisi inaenda kwa mwenye nyumba, mpangaji anapumua. Andika barua ya ukurasa mmoja, ambatanisha picha na barua ya LC1, omba wakupigie muhuri wa "received" kwenye kopi yako. Ila jua kwamba mkaguzi akija anakagua wote, kama na wewe umeelekeza maji ya bafu kwenye mtaro wa barabara yatakurudia, kwa hiyo safisha kwako kwanza.

Deni likiwa kubwa kuliko la LC kuna utaratibu wa madai madogo kwa hakimu, mpaka milioni kumi, hauhitaji wakili. Polisi usiende nao isipokuwa kuna vitisho au mtu amepigwa. Mtaro siyo kesi ya jinai ya kumtia mtu ndani, na ukimpeleka jirani polisi mwaka huu, mwakani utamwomba jerikeni ya maji kwa sura gani.

Mitaro ya mvua

Hii inahitaji maneno yake kwa sababu Machi mpaka Mei na Septemba mpaka Novemba simu zangu zote ni za hiyo. Maji yanayoteremka yenyewe kutoka kilimani kwenda bondeni jirani wa juu hana kosa, ndo ardhi ilivyo. Kosa linaanza pale anapoyakusanya, ameweka paa kubwa na gata, akafunga bomba moja, akalielekeza ukutani kwako, au amesakafu kiwanja chote alafu akatoboa tundu kwenye ukuta. Hayo siyo maji ya Mungu tena, ni maji yake, anatakiwa ayapeleke kwenye mtaro au kwenye tanki au shimo la kunyonyea. Na wewe wa chini nawe huruhusiwi kujenga ukuta ukaziba mfereji wa siku zote yakarudi juu. Nimeona wote wawili wakilaumiana na wote wawili wana kosa.

Mfereji wa katikati kila mtu anasafisha upande wake, hilo halina mjadala. Kitakachouziba ni kaveera (mifuko ya plastiki), chupa za soda, maganda ya matoke na udongo, na kama mtu anafagia kasasiro (takataka) mtaroni usiku mwambie mchana mbele ya watu. Siku za bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya mtaa, ndo siku yake, koleo tatu na toroli moja asubuhi moja mnamaliza, lakini mchanga mliotoa msiuache kando ya mtaro! Mvua ya kwanza unarudi wote ndani. Mtaro wa barabara ukiwa umejaa mchanga au kalavati imeanguka hilo siyo lenu, barua ya LC1 iende divisheni au kansoli, na picha.

Na wale wanaosubiri mvua kubwa ndo wafungulie septiki ikimbie na maji. Nyinyi tunawajua. Choo chako kikiingia mtaroni kinatokea kwenye nyumba za bondeni, kule Kampala, Bwaise na Kalerwe, watu wanaamka na mafuriko yamechanganyika na kinyesi cha watu wa kilimani. Hilo ni kosa la kisheria na LC akipewa video mkaguzi anakuja.

Septiki ya pamoja

Fupi tu. Gharama ya kunyonya mgawane kwa watu, mweke kidogo kidogo kila mwezi kwa simu ya mtu mmoja mnayemwamini, lori likija mnalipa bila kelele. Kampala kuna mpango wa KCCA unaitwa Weyonje wa kukuunganisha na wenye malori na wale wa pampu ndogo kwa sehemu lori halifiki. Muulize dereva anaenda kumwaga wapi, jibu sahihi kwa Kampala ni Lubigi au Bugolobi, akisema "tutaona" au bei yake ni ya chini ajabu, huyo anaenda kumwaga kwenye kinamasi. Kama tanki linajaa tena ndani ya wiki mbili msilaumiane, shimo la kunyonyea maji limekufa au maji ya mvua yanaingia, hapo dawa ni fundi siyo lori.

Siku ya kazi

Simama na fundi. Rodi zizungushwe upande mmoja tu, ule wa saa, akizungusha kinyume zinajifungua na kipande kinabaki ndani, sasa mna vizuizi viwili. Asimwage asidi ya betri, na kamwe asichanganye asidi na jiki, hewa inayotoka inaua mapafu. Alichokitoa kiwekwe kwenye mfuko kizikwe au kiende kwenye gari la takataka, kisisukumwe kwenda chini kwa jirani mwingine. Akimaliza mwageni ndoo nne tano kutoka nyumba ya juu kabisa mtazame manholi zote maji yakipita, ndipo alipwe. Ikiziba tena ndani ya mwezi au mbili pahali pale pale tatizo siyo uchafu, ni bomba limekaa vibaya, la inchi nne linataka kushuka kama sentimita moja kwa kila sentimita arobaini, likiwa limelala au limebonyea mtazibua mpaka wajukuu. Hapo changeni mchimbe kipande hicho mkitoe.

Mifuniko ya chuma inaibiwa inauzwa skrepa, sisi tuliweka ya zege yenye vishikio vya nondo, kila moja ina namba ya nyumba kwa rangi. Ya tatu ilikuwa chini ya sigiri ya yule dada wa chapati ndo maana hakuna aliyejua ipo. Tulimwomba asogee hatua mbili, akasogea, akaweka na jerikeni iliyokatwa mdomo ya kumwagia mafuta yaliyokwisha kazi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi hajji anakuja na chuma chake tunafungua ile ya tatu na yangu ya sita, tunatazama, tunafunga.